Hisa Moja Ilipogeuka Kumi

Sauti ndiyo iliyonipokea kazini kabla ya mtu yeyote. Umeme ulikuwa umekatika, na ngazi za jengo letu pale Kariakoo zilikuwa na giza hata jua likiwa limeshapanda. Nilikuwa nikipapasa ukuta, hatua kwa hatua, niliposikia chini yangu kitu kikilia kirefu, kama pumzi ya mtu anayeota ndoto asiyotaka iishe. Kisha kimya. Kisha tena. Nilisimama katikati ya ngazi nikidhani nyumba inapasuka taratibu. Baadaye nikaambiwa kuwa lilikuwa duka la vitambaa la chini. Muuzaji hukata pindo kwa ncha ya mkasi, halafu hushika pande mbili na kuchana, mkono huu huku na mkono ule kule, mpaka kitambaa kiachane chenyewe.

Nimestaafu juzi tu, na ninyi mnaobaki ofisini mmeniomba niwaandikie kidogo jinsi ilivyokuwa. Vyeo sitavitaja. Mishahara nayo nitaipita, maana hata wakati ule ilikuwa inatupita yenyewe. Nitawaeleza mambo yaliyobaki kichwani, na hayo hayakufuata mpangilio wa faili zenu.

Ofisi yetu ya madalali wa hisa ilikuwa na chumba kimoja, dirisha moja, na feni iliyozunguka kwa uvivu kama mtu anayetafuta jibu la kukupa. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Kapinga, mtu wa Songea, mwembamba, mpenda karanga, mwenye uhakika mkubwa juu ya mambo mawili ambayo hakuwahi kuyapatia hata siku moja: mvua na mpira. Siku ile ya kwanza alikuwa amekaa gizani anatafuna. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba. Kaa hapo. Wakija kuuliza hisa ziko wapi, usicheke."

Nilidhani ananitania. Kabla ya adhuhuri alipanda baba mmoja muuza mchele, akasema ameambiwa tunauza hisa na angependa kuziona kwanza. Mzee Kapinga akamtolea hati ya mfano. Baba yule akaishika karatasi kwa vidole viwili, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akainusa. Akauliza kama kuna iliyo nene zaidi.

Sikucheka. Na nilivyozidi kukaa pale ndivyo nilivyozidi kumwelewa. Kariakoo ni mji wa vitu vinavyoshikika. Ukisimama dirishani mchana unaona mabunda ya nguo yakipita juu ya vichwa vya watu kama mawingu yaliyoshuka kufanya kazi. Unasikia bati, unasikia sufuria, unanusa iliki na plastiki mpya. Katikati ya hayo yote sisi tulikuwa tunauza kitu kisicho na harufu wala uzito, kipande cha kampuni ambayo mnunuzi labda hataliona lango lake. Wakati mwingine, jua likipiga vumbi la pamba lililopanda kutoka duka la chini, chumba kizima kiling'aa, na mimi mwenyewe nilijiuliza kama tupo kweli.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Ubao mweupe wa bei, kalamu za wino zilizokauka siku zenye wateja wengi, simu moja, na kikokotoo kilichotoa ulimi wa karatasi. Kazi yangu ilikuwa kufuta bei za jana na kuandika za leo. Nyinyi mna skrini zinazojibadilisha zenyewe, na sina kinyongo nazo. Ila ukiandika bei kwa mkono kila siku unaanza kuijua kama unavyojua homa ya mtoto wako: unahisi imepanda kabla ya kupima.

Mzee Kapinga hakunifundisha kwa vitabu. Alinipa kanuni moja, kwamba mteja usimweleze lolote mpaka umemuuliza anauza nini. Muuza vitunguu ukamweleze kwa vitunguu, maana vinaoza, naye anajua thamani ya kutokushika kitu muda mrefu mno. Muuza mbao ukamweleze kwa mbao, maana hukaushwa, naye anajua kusubiri. Kanuni ile ilinifikisha mbali sana. Kisha ikafika siku ambayo ilituangusha sote wawili, na siku hiyo ndiyo hasa ninayotaka kuwaeleza.

Kampuni moja iliyokuwa na wenye hisa wengi Kariakoo ilitangaza kuwa itagawanya hisa zake. Aliyekuwa na moja angekuwa na kumi. Sababu yao ilikuwa ya kawaida: bei ya hisa moja ilikuwa imepanda sana, mtu mdogo hawezi tena kuigusa, wanunuzi wamekuwa wachache. Wakiigawanya, bei itashuka mpaka sehemu moja ya kumi, na watu wa kipato kidogo wataweza kuingia. Kampuni ni ile ile, faida ni ile ile. Mwenye hisa za siku nyingi hapati wala hapotezi siku hiyo, kwa kuwa alichokuwa nacho kimekatwa vipande zaidi na vipande vyote bado viko mkononi mwake.

Ndivyo nilivyokuwa nikieleza. Nadhani ni sentensi nzuri. Haikumsaidia mtu yeyote.

Asubuhi bei mpya ilipoanza nilifuta iliyokuwa elfu kumi, nikaandika elfu moja. Mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi aliona mkono wangu ukiandika, akasimama, akakaa tena, akaomba maji. Mtu aliyekuja nyuma yake alikuwa amepanda ngazi huku anaimba, kwa kuwa alikuwa amesikia tu habari ya moja kuwa kumi na hajasikia ya bei. Nilimpa maji yule, nikamnyamazisha huyu, na kutwa nzima nilikuwa natembea baina ya msiba na harusi, wakati ukweli ni kwamba hakuna aliyekufa wala aliyeolewa.

Wiki hiyo wakapanda Mama Doreen na mdogo wake, Anselmi.

Mama Doreen alikuwa na duka la sufuria jirani na Msimbazi. Mtu wa Rombo, mpole, aliyeongea kwa sauti ya chini kwa kuwa bidhaa zake zilipiga kelele kwa niaba yake. Anselmi aliuza vitambaa mtaa wa pili, mcheshi, mwenye futi ya kupimia shingoni hata siku ya Jumapili. Hisa zilikuwa za dada, lakini jina lililoandikwa lilikuwa la mdogo mtu. Zilipouzwa mara ya kwanza, Mama Doreen alikuwa nyumbani Magomeni na kichanga cha siku chache, na foleni alipanga Anselmi kwa fedha za dada yake. Alipofika mbele akaulizwa jina, akataja lake. Familia nzima ilijua, na hakuna aliyeona tatizo, kwa sababu walikuwa na utaratibu wa nyumbani wa jambo la namna ile.

Waliniambia kwamba kwao mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwake. Mmoja humpeleka kwa ndugu amtunze. Mtunzaji hunywa maziwa, huchukua samadi ya migomba yake, na ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Akizaa, ndama hugawanywa kama walivyopatana. Basi nao walipatana hivyo hivyo: hisa za dada, gawio la faida la kila mwaka liwe la Anselmi kama maziwa, na zikizaa, watagawana nusu kwa nusu.

Sasa zilikuwa zimezaa. Walikuja wote wawili wana furaha, wamevaa vizuri. Kila hisa ya zamani ilikuwa mama, na tisa zilizoongezeka zilikuwa ndama. Walitaka tuhamishe hisa za zamani ziende kwa jina la Mama Doreen, na tisa zile zikatwe nusu kwa nusu.

Niliona jinsi dada yule atakavyotoka mle chumbani amepoteza karibu nusu ya mali yake, huku anatabasamu na kutushukuru. Na nilijua jambo jingine, kwa kuwa alikuwa ameshaniambia: nyumba yenye duka lake ilikuwa inavunjwa ijengwe ghorofa, na mwenye nyumba alimwahidi fremu ya duka ya chini kama ataleta kilemba, ile fedha ya kushikia nafasi, ujenzi ukianza. Hisa zile ndizo zilikuwa kilemba. Zikitoka nusu, duka halipo.

Mzee Kapinga akaweka karanga pembeni. "Mangi," akamwambia Anselmi, kama wanavyoitwa Wachaga mjini, "wewe unauza nini?"

"Vitambaa, mzee. Shati ulilovaa umelichukua kwangu."

"Ukipokea jora moja, ukalikata vipande kumi, kitambaa kimeongezeka?"

Anselmi akafikiri kwa heshima. "Kitambaa hakijaongezeka. Ila hela imeongezeka. Jora nanunua kwa bei ya jora, kipande nauza kwa bei ya kipande. Watoto wangu, mzee, wanasomeshwa na mkasi."

Mzee akazivuta tena karanga zake. Katika mji ule mzima asingepata mfano wa kumsaidia. Sukari hufunguliwa gunia ikapimwa vikombe, mche wa sabuni hukatwa vipande, katoni huvunjwa, na kila kinapovunjwa mtu fulani anakula. Angewezaje kuamini kwamba kuna kitu ukikigawanya hakileti chochote?

Nikaingilia mimi, na niliingia vibaya. Nikasema tuache vitambaa, turudi kwa ng'ombe wao. Ng'ombe huyu hajazaa, nikawaambia, amekatwa vipande kumi tu.

Mama Doreen akashika kifua. "Amechinjwa?"

"Kama amechinjwa," Anselmi akasema taratibu, "mtunzaji ana nyama yake. Kwetu mtunzaji haondoki mikono mitupu."

Mzee Kapinga akanitazama kwa huzuni. "Somoe, umetupeleka buchani."

Nikajaribu tena kwa kuonyesha ubao. Nikawaambia hisa kumi za leo, ukizijumlisha, ni bei ya ile moja ya zamani. Anselmi akasema ndama naye hauzwi bei ya mama yake, subiri akue. Nikamwambia, haya, na huyo mama je, mbona naye leo ana bei ya ndama? Akanijibu bila hata kusita: "Ametoka kuzaa, dada Somoe. Amekonda."

Sote tulicheka, hata mimi, na ndani ya kicheko kile nilihisi baridi. Alikuwa na jibu kwa kila kitu, na hakuwa anadanganya. Kisheria hisa zote zilikuwa zake, jina lake ndilo lililokuwa kwenye hati. Sisi kazi yetu ilikuwa kutekeleza agizo la mwenye jina. Kilichotuokoa siku ile ni kwamba Mama Doreen hakuwa na akaunti ya hisa. Ilibidi alete picha na kitambulisho, na akaunti ifunguliwe, ndipo wasaini.

Mama Doreen alikuja kuleta picha bila Anselmi. Ilikuwa alasiri ya jua kali, adhana ya alasiri inaelea juu ya mapaa, na watu kule chini walionekana wanatembea ndani ya maji. Nikamkalisha, nikamweleza upya, polepole, bila ng'ombe na bila kitambaa. Nikachora duara kwenye karatasi, nikalikata mistari. Alinielewa. Niliona uso wake ukielewa, na niliona ukihuzunika papo hapo.

"Kwa hiyo zote ni zangu," akasema.

Nikamwambia ndiyo, zote, kama zilivyokuwa jana.

Akaikunja ile karatasi. Kisha akaniambia kitu ambacho sijawahi kukisikia kwa mteja mwingine. "Ungeniacha nisijue. Sasa nikizidai, Anselmi atasema dada amegeuka. Atasema ni za dada, atanipa, na hatakanyaga kwangu tena Krismasi. Nisipozidai, nakosa duka. Namjua. Hajaniibia hata sumni. Anaamini ndama wamezaliwa."

Nikamuuliza anataka tufanye nini. Akasema tusimwambie Anselmi lolote zaidi, tuache kama walivyopatana. Nusu ya ndama ampe. Fremu Mungu atajua.

Nilimweleza Mzee Kapinga. Alitazama mawingu akatangaza kuwa mvua itanyesha jioni ile. Haikunyesha.

Wapo kati yenu watakaouliza kwa nini hatukusimama imara kumtetea mama yule. Nimejiuliza pia. Lakini mali ya nyumba moja ina mizizi ambayo dalali haioni, na mwenye mali alikuwa ameshaamua. Kuna wateja ambao hawaji kwetu kutafuta faida. Huja ili familia itoke salama, na hesabu yao hiyo haiandikwi kwenye ubao.

Akaunti ilichelewa kama zilivyochelewa zote enzi zile. Katikati ya kusubiri, kampuni ikatoa gawio la mwaka, na hundi zikaenda Posta kwenye masanduku ya wenyewe. Sikulifikiria jambo hilo. Ninyi mkisoma hapa mtaona lilikuwa wazi, lakini sisi tulikuwa tumechoka kufikiri juu ya ng'ombe.

Siku ya kusaini Mama Doreen alifika kwanza, amejitanda kitenge kipya. Nilimpa kalamu mapema, kwa woga wangu mwenyewe, naye akaishika tu. Anselmi alichelewa. Alipoingia hakuwa na utani. Shingoni hakuwa na futi. Alisalimia, akabaki amesimama, akatoa hundi mfukoni, akaiweka mezani baina yetu.

"Dada," akasema, "miaka yote maziwa ya ng'ombe wako nimekunywa mimi. Wewe hujawahi kuniuliza ni kiasi gani."

Mama Doreen akasema hakuwa na sababu ya kuuliza.

"Kibuyu chake nakijua. Najua kinafika wapi." Akagusa hundi kwa kidole. "Mwaka huu nilijua nitabeba madebe. Ng'ombe kumi, nikamwambia mke wangu, sasa tutaongeza fremu. Nikaenda Posta. Nikafungua bahasha pale pale kwenye ngazi." Akamgeukia dada yake. "Maziwa ni yale yale. Kampuni nimesikia imefanya vizuri kama mwaka jana, na kibuyu ni kile kile. Ng'ombe kumi hawawezi kutoa maziwa ya mmoja. Hawajazaliwa hawa."

Nilisikia hata feni ikiwaza. Nikaona wazi kuwa mtu yule angeweza kuchana bahasha ile pale pale Posta na hakuna ambaye angejua, kwa kuwa gawio lilikuwa siri yake kwa ridhaa ya dada yake. Sisi tulishindwa kumfundisha. Aliyemfundisha ni yeye mwenyewe, kwa kitu alichokuwa amekinywa.

"Zote ziandike jina la dada," akaniambia. "Mama na wale niliowaita ndama."

Mama Doreen alianza kusema kwamba walishapatana, kwamba mtunzaji haondoki mikono mitupu, kwamba achukue hata chache. Anselmi alikuwa ameshainama anasaini. Aliandika jina lake lote, taratibu, kama mtu anayefungua kamba shingoni mwa mnyama aliyemzoea.

"Na sasa utakunywa nini?" dada yake akamuuliza.

"Nitanunua ya pakiti."

Mzee Kapinga akasema, "Mangi, leo rejareja imekula kwako." Na Anselmi akacheka, kicheko chake cha zamani, ingawa macho hayakuwa yamekauka.

Kisha akageuka ubaoni. Akaitazama bei ile ndogo, ile iliyomfanya mtu aombe maji na kumkatizia mwingine wimbo, akauliza kama ni kweli hisa moja sasa inauzwa hivyo. Nikamwambia ni kweli. Akasema kabla ya kugawanywa alikuwa akipita hapa anaisoma bei, na hakuwahi kufikiria kununua yake mwenyewe, maana kila akipata hela ya kutosha moja tu, duka liliihitaji. Akaisukuma hundi upande wangu.

"Hela ya maziwa ya mwisho hiyo," akasema. "Ikishaingia benki, ninunulie ndogo ndogo. Jina langu, na safari hii liwe langu kweli."

Nikaandika agizo lake. Jina lake nililiandika vizuri kuliko jina lolote nililowahi kuandika pale. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kugawanywa kwa hisa kunamletea nini mwenye hisa wa siku nyingi, humjibu kwamba hakumletei kitu, na mali yake anaikuta kama alivyoiacha. Ila aliyekuwa akisimama nje anasoma bei, huyo hupata pa kuingilia, na wakishakuwa wengi, hisa ya yule wa zamani nayo haikosi mnunuzi siku atakapotaka kuuza. Mama Doreen aliuza zilizotosha kilemba, zilizobaki akaziacha zikae.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile alikuwa bado amekaa na kalamu yangu mkononi, anamtazama mdogo wake kana kwamba ndiye kichanga kilicholetwa nyumbani. Akamwambia Krismasi asichelewe. Anselmi akasema atakuja mapema, na atakuja na njaa. Akampa mkono Mzee Kapinga, akaniaga mimi, akakishika kitasa. Alikuwa mrefu, na mlango wetu ulikuwa mfupi. Akainamisha kichwa kama mtu anayetoka zizini, akapita, na mlango ukafungwa nyuma yake.